Wanafunzi wa udaktari Goma wafundishwe pia lugha za wagonjwa

GOMA – Kila asubuhi, mnamo saa mbili, katika hospitali kubwa za mji wa Goma wagonjwa wanaona jambo lile lile. Daktari mkubwa anapita kitanda kwa kitanda. Nyuma yake kuna wanafunzi sita, nane, siku nyingine zaidi ya kumi, kila mmoja na bluzi nyeupe na daftari ndogo mfukoni. Mmoja anasimama upande wa miguu ya kitanda na kueleza habari za mgonjwa: umri wake, ameugua siku ngapi, alianzishiwa dawa gani, vipimo vya damu vimeonyesha nini. Daktari anauliza, wanafunzi wanajibu, kundi linasogea. Yote yanasemwa kwa Kifaransa. Mama aliyelala pale, mwenye tumbo ambalo limezungumziwa kwa dakika tano, anabaki akitazama midomo yao.

Hakuna aliyekusudia kumdharau. Ndivyo masomo yalivyo. Nchini Kongo udaktari unafundishwa kwa Kifaransa tangu siku ya kwanza mpaka siku ya kuapa. Vitabu ni vya Kifaransa, mitihani ni ya Kifaransa, na fishi ya mgonjwa inajazwa kwa Kifaransa. Mwanafunzi anayekosea sarufi ya Kifaransa mbele ya profesa anachekwa na wenzake. Mwanafunzi asiyeelewa mgonjwa alivyosema hachekwi na mtu, kwa sababu hakuna anayempima hapo.

Kwa hiyo kijana anaweza kumaliza miaka yote ya fakilite, akajua jina la kila mfupa na kila mshipa, lakini asijue namna ya kumuuliza mkulima wa Masisi maumivu yake yalianzia wapi na yakaelekea wapi. Hilo si kosa dogo. Daktari yeyote wa zamani atasema kwamba sehemu kubwa ya kutambua ugonjwa inatoka katika maneno ya mgonjwa mwenyewe, kabla ya mkono kugusa na kabla ya laboratwari kutoa karatasi. Katika mji ambako watu wengi hawana pesa za kulipa radio ya mapafu au ekografia, maneno hayo ndiyo kipimo cha kwanza, na mara nyingine ndicho kipimo pekee. Lugha ya mgonjwa ni somo la udaktari. Ifundishwe kama somo, iwe na saa zake, mwalimu wake na mtihani wake.

Goma si mji wa kabila moja, na haukuwahi kuwa hivyo. Ukitoka Birere mpaka Mugunga unakutana na Wahunde, Wanande, Wahutu, Watutsi, Wanyanga, Wakumu, Watembo, Wahavu, Wabashi na Warega. Kuna watu wa Kasai na wa Kinshasa walioletwa na kazi. Kuna wanaovuka Petite Barrière asubuhi na kurudi Gisenyi jioni. Swahili ndiyo inayowafanya waelewane sokoni Virunga, bandarini Kituku, kanisani na juu ya moto. Lakini Swahili ya Goma si ile ya vitabu vya shule, na pia si kila mtu ana kiasi sawa cha Swahili. Bibi wa miaka 70 aliyekulia kwenye vilima vya Masisi anaweza kuwa na Swahili ya kununulia chumvi na sabuni tu. Akiumwa usiku, akilia, hailii kwa Swahili ile.

Vita vimewaleta mabibi kama hao kwa wingi. Tangu mapigano ya M23 yaanze upya mwishoni mwa 2021, familia za Rutshuru, Nyiragongo na Masisi zilishuka mpaka Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo. Kisha ikaja Januari 2025, mapigano yakaingia mjini penyewe, na mwezi uliofuata kambi zikavunjwa. Wengine wamerudi vijijini, wengine wamekuta nyumba zimechomwa au mashamba yamechukuliwa, wengine wamebaki mjini kwa jamaa, kanisani, au katika chumba kimoja cha mbao wanacholipia kwa shida. Hawaonekani tena kwenye hema. Wanaonekana hospitalini, wamekaa kwenye benchi la mbao na kitambaa cha mtoto begani, wakingoja jina liitwe. Na anayewapokea kwanza, hasa usiku, mara nyingi ni mwanafunzi.

Tumchukue mmoja wao. Jina lake halitajwi hapa kwa sababu ya usalama wa familia yake. Ni msichana wa miaka 25, yuko katika miaka ya mwisho, ile ya kuzunguka hospitalini: upasuaji, watoto, uzazi, magonjwa ya ndani. Alizaliwa Masisi. Baba yake alilima viazi na maharage, mama yake aliyauza. Alisoma shule ya sekondari katika sehemu ya biokimia, akapata diploma ya serikali, ukoo mzima ukachangia minervali ya mwaka wa kwanza. Mwaka 2023 wazazi wenyewe walikimbia. Kwa miezi kadhaa alikuwa akisoma anatomia mjini huku mama yake akilala chini ya bashi huko Bulengo.

Anaishi na wasichana wengine wawili katika chumba cha mbao, juu ya mawe meusi ya volkano, upande wa Ndosho. Siku yake inaanza na maji. Kila mkazi wa Goma anaelewa maana yake: bidoni ya lita 20, foleni kwenye bomba, au kumlipa kijana wa chukudu. Halafu anatembea kwa miguu mpaka hospitalini kwa sababu pesa ya moto inatunzwa kwa ajili ya siku za gardi, pale anapotoka usiku. Kula ni mara moja, jioni, bugali na sombe au na ndagala. Silabusi anazisoma kwenye simu, na umeme ukikatika anasoma mpaka simu izime. Glovu na termometri anajinunulia. Usiku wa gardi haulipwi hata faranga, kwa kuwa yeye ni mstajeri na mstajeri yuko pale kujifunza. Maelezo hayo ni ya kweli nusu tu. Ukiwaondoa wastajeri wote usiku mmoja, hospitali nyingi za mji huu zingebaki na wauguzi wawili kwa ukumbi mzima.

Mwishoni mwa Januari 2025 alilala hospitalini siku nne mfululizo. Barabara hazikupitika. Majeruhi walifika juu ya moto, juu ya chukudu, juu ya migongo ya watu. Hospitali ya CBCA Ndosho, inayosaidiwa na Shirika la Msalaba Mwekundu, ilipokea watu kupita uwezo wa vitanda vyake, na nyingine za mjini zilikuwa vilevile. Msichana huyu hakufanya upasuaji, hakuwa na ruhusa hiyo. Alibana damu, alifunga bandeji, aliandika majina kwenye mikono ya watu kwa kalamu ya bik ili wasipotee. Mwenyewe anasema kazi iliyomchosha kuliko zote ilikuwa kutafsiri. Kila dakika kuna aliyemwita: njoo umwulize huyu, njoo umweleze yule. Anajua Swahili, Kihunde na Kinyarwanda. Wenzake wengi wana Swahili na Kifaransa, wengine wana Lingala. Siku zile, lugha zake tatu zilifanya kazi kubwa kuliko daftari zake zote.

Baada ya hapo ikaja njaa ya pesa. AFC/M23 walikuwa wameshika mji, benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na noti zikaadimika mpaka anayetaka kutoa pesa kwenye simu alikatwa sehemu kubwa. Wazazi waliokuwa wakilipa kwa vipande vipande wakashindwa hata na vipande. Baadhi ya wenzake wameacha masomo, mmoja anauza kredi za simu karibu na Rond-point Signers. Yeye ameendelea kwa kufundisha watoto wa jirani hesabu jioni.

Kwa nini anaendelea? Swali hilo watu wa Goma wanapenda kuwauliza wanafunzi wa udaktari, na jibu wanalopenda kusikia ni moja: kuokoa maisha. Si uongo, lakini si jibu lote. Wengine waliingia kwa sababu baba alitaka kuwa na docta nyumbani. Wengine wanahesabu heshima, kwani hata mzee wa mtaa anamwita kijana wa miaka 27 docta na kumpisha kiti. Wengi wanatazama mashirika ya kimataifa yenye magari meupe na mishahara ya dola. Hilo halina aibu. Daktari wa serikali anaweza kufanya kazi kwa miaka bila jina lake kuingia kwenye orodha ya mishahara ya Kinshasa, akiishi kwa kile wagonjwa wanacholipa kaunta. Anayemlaumu kijana kwa kutamani kazi ya shirika amlipe kwanza.

Sababu ya msichana huyu ilianza akiwa na miaka tisa. Nyanya yake aliumwa, akapelekwa kituo cha afya. Muuguzi hakujua Kihunde, nyanya hakujua Swahili ya kutosha, na mtoto ndiye aliyesimama katikati. Muuguzi aliuliza mambo ya mwili wa mwanamke mzee ambayo mtoto hakuyaelewa, na nyanya aliona aibu kuyajibu mbele ya mjukuu. Mtoto akatunga majibu. Alisema hapana pale alipodhani hapana inafaa. Nyanya alipewa vidonge vya minyoo na kurudishwa nyumbani. Alikufa miezi michache baadaye, na mpaka leo mjukuu, ambaye sasa amesoma magonjwa yote ya kizazi, anajua kwamba maswali yale yalikuwa mazuri. Yalikuwa maswali sahihi kabisa. Yalikosa tu mtu wa kuyapeleka.

Watoto wanaotafsiri hivyo bado wako, nenda uwaone kwenye kituo chochote cha pembeni ya mji. Na si watoto peke yao. Mume anatafsiri kwa ajili ya mke wake. Mlinzi wa mlango anaitwa atoke getini. Mgonjwa wa kitanda cha jirani anasaidia, na hivyo ukumbi mzima unajua siri.

Maneno yenyewe ni magumu hata kwa anayedhani anajua Swahili. Mtu anasema «moyo inanichoma» na mwanafunzi anaandika maumivu ya moyo, kumbe mkono wa mgonjwa uko chini ya mbavu, ni tumbo lenye vidonda. Mwingine anasema «mguu imekufa», na kijana aliyelelewa Kinshasa anashtuka, kumbe ni ganzi. «Niko na palu» inaweza kuwa malaria, na inaweza kuwa homa yoyote, uchovu wowote, hata huzuni. «Tensio imepanda» wakati mwingine ni ugonjwa wa kweli, wakati mwingine ni mama aliyepokea habari mbaya. Kwa Kinyarwanda neno inda ni tumbo na pia ni mimba. Atakayeandika kuumwa tumbo bila kuuliza mara ya pili anaweza kumpa mjamzito dawa isiyomfaa.

Halafu kuna saa. Kwa Swahili, saa mbili za asubuhi ni ile ambayo Kifaransa kinaiita saa nane. Mwanafunzi aliyezoea kufikiri kwa Kifaransa anamwambia mzee ameze kidonge saa mbili, akimaanisha mchana baada ya kula. Mzee anakimeza asubuhi, tumbo likiwa tupu. Na vile vile «mbili mara tatu» iliyoandikwa juu ya bahasha ya dawa. Msomaji wa Goma ajiulize kama nyumbani kwake wote wanaielewa sawa. Wapo wanaomeza viwili mara tatu kwa siku, wapo wanaomeza viwili kwa siku tatu, wapo wanaogawia na mtoto mwenye ugonjwa unaofanana.

Lakini penye hatari kubwa ni kwa wanawake walioshambuliwa. Hapa inafaa kusema wazi, kwa sababu wasikilizaji wengi wana dada au binti anayehusika. Dawa za kuzuia virusi vya Sida baada ya kubakwa lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Dawa ya kuzuia mimba ina siku tano, na nayo ni bora mapema. Sasa mwanamke wa Kivu mara chache anafika akisema nimebakwa. Anasema «walinishika». Anasema «walinikuta shambani». Anasema mgongo unamuuma, halala vizuri, hana hamu ya kula. Anayejua lugha na anayejua adabu ya lugha anasikia kilichofichwa pale, anamtoa kwenye ukumbi, anatafuta chumba na muuguzi mwanamke. Asiyejua anaandika maumivu ya mgongo, anampa parasetamol, na saa 72 zinaisha barabarani akirudi nyumbani. Kosa hilo haliandikwi popote. Hakuna ripoti itakayolihesabu, kwa sababu kwenye fishi kila kitu kiko sawa.

Kuna jambo lingine ambalo Goma inalijua na haipendi kulitaja. Katika mji huu lugha inaonyesha kabila, na kabila limekuwa sababu ya watu kuuawa, upande huu na upande ule. Ndani ya ukumbi wenye vitanda kumi na viwili, mgonjwa anafikiri kabla ya kufungua mdomo. Kuna anayeongea Kinyarwanda kwa sauti ya chini, au anayekataa kabisa kukiongea hata kama Swahili yake haitoshi kueleza maumivu. Kuna Mhunde au Mnande anayemtazama mtafsiri na kujiuliza huyu ni wa upande gani, maneno yangu yatafika wapi. Wote wawili wana hofu ya kweli. Mwanafunzi anayeingia na kuuliza «uko wa kabila gani?», hata kama nia yake ni kutafuta mtafsiri, amekwisha kufunga mlango. Swali linalofaa ni lingine: ungependa tuongee kwa lugha gani? Tofauti kati ya maswali hayo mawili haisomwi katika kitabu chochote cha fakilite. Mtu anafundishwa, au anajifunza kwa kuumiza watu kwanza.

Mkoa huu ulikwisha kupewa somo hilo kwa gharama kubwa. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuugua na 2,287 kufariki. Chanjo ilikuwapo. Pesa zilikuwapo, nyingi mno, mpaka watu wakasema ni biashara. Watu wa Beni na Butembo waliona magari yakifika na wageni wanaoeleza mambo kwa Kifaransa, au kwa Lingala, lugha ambayo wengi kule wanaihusisha na askari, au kwa Swahili ya mabango ambayo mama wa shamba anayeongea Kinande haielewi vizuri. Uvumi uliingia pale ambapo maelezo hayakufika. Vituo vikachomwa, na mwezi Aprili 2019 daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko kutoka Kameruni, aliuawa ndani ya hospitali huko Butembo. Si lugha peke yake iliyosababisha hayo. Kulikuwa na siasa, kulikuwa na mauaji ya miaka mingi ambayo hakuna aliyekuja kuyazuia kwa haraka kama hiyo. Lakini wauguzi wa pale pale, wenye kuongea kama majirani wanavyoongea, ndio walioweza kuingia nyumba ambazo wageni walirudishwa mlangoni.

Wakubwa wa vyuo wakiulizwa mfano wa daktari, wanamtaja Denis Mukwege, na wana haki. Kila mwanafunzi wa Kivu anaijua hadithi hiyo: mtoto wa mchungaji wa Bukavu aliyemfuata baba yake kumwombea mtoto mgonjwa, akauliza kwa nini hampi dawa, akajibiwa kwamba baba si daktari. Alisomea Bujumbura, akafanya kazi Lemera, akaona wanawake wakifa kwa uzazi, akaenda Angers nchini Ufaransa kusomea magonjwa ya wanawake, akarudi. Hospitali ya Lemera ikashambuliwa mwaka 1996, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Panzi ikaanza 1999, na tuzo ya Nobel ikaja 2018. Wanafunzi wanakumbuka tuzo. Wachache wanakumbuka kwamba kazi ile yote ilianza na wanawake waliokubali kueleza waliyotendewa, neno kwa neno, kwa mtu waliyeamini kwamba anawaelewa.

Watakaopinga wapo, na hoja zao si za kipuuzi. Wa kwanza atasema sayansi iko kwa Kifaransa na Kiingereza, tukigeukia lugha za nyumbani vijana wetu watabaki nyuma. Hakuna anayeomba biokemia ifundishwe kwa Kihunde. Mwanafunzi abaki na Kifaransa chake, aongeze na Kiingereza akiweza. Linaloombwa ni saa mbili kwa wiki katika mwaka unaotangulia staje.

Wa pili atauliza: lugha ipi kati ya zote hizo? Swahili kwanza, kwa wote, na iwe Swahili wanayoongea wagonjwa wa Goma. Ni moja ya lugha nne za taifa katika Katiba ya 2006, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, na Katiba hiyo hiyo inaitaka serikali iziendeleze, kwa hiyo hakuna anayehitaji kuomba ruhusa. Baada ya hapo kila mwanafunzi achague moja ya pili ambayo si ya kwao: Kinyarwanda, Kinande, Kihunde au Mashi. Si kwa ajili ya kuandika mashairi. Maswali hamsini yanatosha kuanza: inauma wapi, tangu lini, ulitapika, mtoto ananyonya, unapata siku zako, kuna mtu aliyekuumiza, nikuguse hapa?

Neno «si ya kwao» lina sababu. Mhunde akijifunza kumuuliza mgonjwa kwa Kinyarwanda, na Mtutsi akijifunza kusalimia kwa Kinande, hospitali itakuwa imepata zaidi ya tafsiri. Kuna watakaosema hiyo ni ndoto, wakati huu ambapo mji uko hivi. Wapite tu kwenye ukumbi wa uzazi usiku. Mama mwenye uchungu hamuulizi mkunga ametoka kijiji gani, akisikia tu neno moja la kwao anashika mkono.

Wa tatu atasema hakuna pesa. Hapo ndipo hoja inapokuwa dhaifu kabisa. Walimu wako tayari ndani ya hospitali. Kuna wauguzi wenye miaka thelathini kazini, kuna wakunga waliostaafu, kuna mama wa usafi ambao kila siku wanaitwa kutafsiri na hawapewi hata asante. Walipwe kidogo kama wanavyolipwa wakufunzi wengine, waitwe mwalimu mbele ya wanafunzi. Baadhi ya wanafunzi wenyewe ni walimu. Msichana wa Masisi ana daftari la maswali kwa Kihunde, na wenzake wanaliazima kabla ya gardi kama wanavyoazima stetoskopi. Fakilite inayotaka kuanza iombe nakala ya daftari kama hilo kwa kila mwanafunzi mwenye lugha yake, iyaunganishe, iyasahihishe na wauguzi wazee, iyachape.

Na kuna hatua ndogo kuliko hiyo, isiyongoja hata fakilite. Fishi ya mgonjwa ina nafasi ya jina, umri, uzito, anwani, hata namba ya simu ya mtu wa kuarifiwa. Haina mstari wa lugha. Iongezwe mistari miwili: lugha ambayo mgonjwa amechagua kuongea, na jina la aliyetafsiri. Daktari wa asubuhi akisoma kwamba mtafsiri alikuwa mtoto wa miaka tisa, atajua kwamba maswali yanapaswa kuulizwa upya. Mistari hiyo inaweza kuchorwa kwa rula na kalamu ya bik kwenye fishi zilizopo, kabla mpya hazijachapwa.